Hedfoni Zinazolia Upande Mmoja

Mwese, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Emelyne,

Amahoro. Huku tunaamka vizuri, isipokuwa mvua imekata tena barabara pale darajani. Magari yanaishia ng'ambo na watu tunavuka kwa miguu, viatu mkononi. Mama anakusalimu sana. Goti linamsumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Mke wangu Aurélie na watoto ni wazima. Maharage yalishika vizuri ila mvua ikiendelea hivi yataozea shambani. Yule mbuzi mweusi alizaa mapacha, mmoja akafa.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Wale ndugu zetu waliohamia Kanada wameitumia kwaya yetu ampu ya gitaa ya kidijitali. Ni kasanduku kadogo, ukubwa wa Biblia ya madhabahuni, kana vitufe na kioo kinachowaka. Ndani yake zimo sauti za ampu nyingi, wewe unachagua tu. Lakini spika haina. Nimeichomeka kwenye spika kuukuu za kanisa na sauti inatoka kama imefunikwa blanketi. Waimbaji wanasema iko vizuri. Mimi ndiye mpigaji, najua ninachokosa.

Wewe unauza vyombo vya muziki huko Kariakoo, tuchagulie spika. Nataka iliyo kali, inayotoa zile sauti nyembamba za juu, na ikae karibu kabisa na mimi. Wazee wameridhia. Tungependa iwe imefika kabla ya mkutano wa makwaya mwezi wa nane.

Usipige simu. Mtandao huku ni wa kubahatisha, mtu anapanda kilimani kupata nusu ya neno. Andika, kama Dawe, baba yetu, alivyotuzoeza. Mpe kondakta wa basi la Mpanda, Nashon wa dukani Makanyagio atapokea, na Evarist wa bodaboda atanifikishia.

Kaka yako,
Dieudonne


Dar es Salaam, 3 Machi 2024

Kaka Dieudonne, shikamoo.

Barua yako ilifika imelowa pembe zote lakini inasomeka. Sisi tupo, joto linatuchemsha kama viazi. Glory ameanza darasa la kwanza, anaandika jina lake kuanzia kulia. Mwambie Mama asikae chini kwenye sakafu, hilo goti halitaki baridi.

Sasa sikiliza, na uwasomee wazee vizuri. Hiyo ampu ya kidijitali inaiga ampu pamoja na sanduku la spika la gitaa. Ukiiunganisha kwenye sanduku jingine la gitaa la kawaida, unakuwa umevaa makoti mawili, sauti inazama. Kwa hiyo hamhitaji spika ya gitaa. Mnahitaji spika yenye amplifaya ndani yake, inayotoa sauti jinsi ilivyo bila kuongeza chumvi. Ya inchi kumi inatosha kanisa dogo. Unailaza chini mbele yako kama monita, imekuelekea wewe.

Kuna monita ndogo za mezani, za watu wanaorekodi. Hizo kanisani zitapotea. Na kuna visikilizio vya kuingiza masikioni. Hivyo ni vizuri kwa anayecheza na ngoma nyingi, ila mtu asiyejihadhari anajiumiza.

Kabla hatujanunua kitu, jaribu kwa hedfoni ujue sauti unayoitaka imo ndani ya ampu au haimo. Nakutumia moja pamoja na barua hii. Anza na volyumu ya chini. Halafu niambie: kanisa lina urefu gani, na umeme ni wa nini?

Kuhusu mtandao. Juzi Aurélie alinipigia akiwa hapo hapo uani kwenu, nikasikia mpaka jogoo. Nikamwambia nipe kaka. Akasema umetoka.

Mwezi wa tisa itatimia miaka miwili tangu tumzike ndugu yetu Yohani. Hujaniandikia hata mstari mmoja kuhusu siku ile. Sikulazimishi. Nimeona nikutajie tu, maana kwetu sisi hakuna anayemtaja.

Mdogo wako,
Emelyne


Mwese, 14 Aprili 2024

Mdogo wangu Emelyne,

Amahoro y'Imana. Mvua imepungua. Nusu ya maharage tumeyaokoa. Mama anakohoa kidogo lakini anakula. Amefurahi kuhusu Glory, amesema hata mimi niliandika kinyumenyume.

Siku ile Aurélie alipopiga nilikuwa shambani.

Kanisa ni hatua ishirini na mbili kwa kumi na mbili, bati halina dari. Umeme ni wa sola, betri mbili na inveta ndogo. Kinanda kikiwaka pamoja na spika zote, inveta inalia.

Hedfoni zimefika. Nasikitika kukuambia ni mbovu. Upande wa kushoto haulii kabisa. Upande wa kulia unalia ila hafifu, na zile nyuzi mbili nyembamba za chini kwenye gitaa hazitoki. Nilimpa Polycarpe wetu wa besi ajaribu. Akasema zinalia zote mbili, tena safi. Polycarpe huyo unamjua, hata mbuzi akilia kwake ni muziki. Naomba ubadilishe.

Jumamosi kwenye mazoezi nilipandisha volyumu ili nijisikie. Akina mama wa sauti ya kwanza wakaziba masikio, mtoto mmoja akaanza kulia. Mwalimu wa kwaya alinyoosha mkono akapunguza mwenyewe, mbele ya watu, kama ninayejifunza. Nimepiga solo katika kwaya hii miaka kumi na nne. Ndiyo maana nakuambia spika iwe kali na ikae karibu nami. Nikijisikia mimi, wao sitawasumbua.

Kaka yako,
Dieudonne


Dar es Salaam, 5 Mei 2024

Kaka, shikamoo.

Mama apelekwe zahanati, kikohozi cha mwezi mzima si kidogo. Huku wote wazima.

Kanisa la ukubwa huo, spika moja ya inchi kumi ni nyingi. Usiogope namba kubwa ya wati iliyoandikwa kwenye boksi, ile ni ya kuuzia; umeme inaokula kweli inveta yenu itauweza mkizima spika moja kuukuu. Nimeshaichagua. Ipo chini ya meza yangu na nimeibandika jina la kwaya.

Ila siitumi mpaka unijibu hili.

Zile hedfoni nilizijaribu mwenyewe kabla ya kuzifunga. Nilizivaa, nikasikiliza kushoto, nikasikiliza kulia. Ndiyo kazi yangu kila siku. Nakuomba ufanye kitu kimoja. Zivae kinyume, upande wa kushoto uweke sikio la kulia. Ukimya ukihama, hedfoni ni mbovu na nitakutumia nyingine. Ukimya ukibaki palepale, kaka, usitafute kosa kwenye hedfoni.

Mteja anayelalamika kuwa kila spika ina blanketi nimewahi kumwona. Alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa. Tulimbadilishia spika tatu.

Niandikie matokeo hata kama huyapendi.

Emelyne


Dar es Salaam, 30 Juni 2024

Kaka,

Wiki ya nane leo. Nashon anasema Evarist aliichukua barua yangu na kukukabidhi mkononi, kwa hiyo usiseme haikufika.

Nilimpigia Aurélie. Baada ya salamu nilimwuliza neno moja tu: "Ukimwita akiwa amekupa mgongo, anageuka?"

Akakata simu. Hajapokea tena.

Mimi ni ndugu yako. Sikuulizi kwa ajili ya duka.

Emelyne


Mwese, 28 Julai 2024

Mushiki wanje Emelyne,

Mama alipelekwa zahanati, akapewa dawa, kikohozi kimeisha. Wengine ni wazima. Baridi ya asubuhi huku milimani ni kali mwaka huu.

Nilizivaa kinyume siku ileile barua yako ilipofika. Ukimya ulibaki palepale.

Sikio la kushoto limekufa. La kulia linasikia wanaume wakiwa karibu. Sauti za wanawake na watoto nazipata nusunusu, nyingine nasoma midomoni. Kwenye simu wewe sikupati kabisa. Mara ya mwisho ulipopiga nilisikia kama mtu anachana karatasi. Ndiyo sababu ya barua. Mtandao upo.

Sasa nakuandikia la Yohani, kisha ufanye unavyoona.

Unajua tulikwenda machimboni pamoja, mimi na yeye. Usichojua ni kwamba miezi saba ya kwanza mlipuaji nilikuwa mimi. Tunatoboa mwamba, tunapakia baruti, nawasha utambi, napandishwa na winchi. Wakati mwingine tulilipua mara nne kwa siku, tumejibanza pembeni, na pamba masikioni kama tumeikumbuka. Nilianza kusikia nzi ndani ya kichwa. Baadaye kushoto kukanyamaza. Niliogopa. Nikamwambia msimamizi mgongo unaniuma, anihamishie juu kwenye winchi. Akasema, "Nani atashuka?" Yohani akasema, "Mi nitashuka, kaka apumzike."

Sikumwambia kwamba si mgongo. Mtu wa winchi kazi yake ni kusikia. Aliye chini akiita, unavuta. Ningesema ukweli ningerudishwa nyumbani mikono mitupu, na tulikuwa tumemwahidi Mama nyumba ya bati.

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na tatu mwezi wa tisa, saa nne asubuhi. Yohani alishuka akapakia. Mimi nilisimama juu ya duara, yaani mdomoni mwa shimo, mkono kwenye winchi, macho kwenye kamba, nikisubiri itikiswe. Kwa siku kadhaa nilikuwa nimemwambia atikise kamba pamoja na kuita, nikasema ni kwa usalama. Labda siku ile alisahau. Labda aliitikisa nami sikuona. Nimeirudia kamba ile kichwani mwangu mpaka sijui tena niliona nini.

Nilichoona ni mwenzetu Maiko anatoka mbio kwenye kibanda cha chakula, mbali kama kutoka nyumbani hadi kisimani, mdomo wazi, mikono juu. Nikageuka kumtazama. Ndipo ardhi ikaruka.

Maiko alifika akanishika shati. Alinisemesha usoni, kwa hiyo nilimpata. "Amekuita! 'Vuta, kaka, vuta!' Mimi nimemsikia kule! Hukusikia?"

Nikasema, "Kelele za kompresa."

Akaitazama kompresa. Ilikuwa imezimwa. Akanitazama mimi. Wiki ileile alihama, na sijui yuko machimbo gani.

Mbele ya jeneza nilisema Yohani alikata utambi mfupi kwa haraka zake. Ulikuwepo. Watu wakatikisa vichwa, wakasema vijana hawana subira. Mama naye akasema hivyo. Mpaka leo anasema.

Kwaya ndiyo mahali pekee nilipobaki. Nikipiga gitaa watu wanatazama vidole, hakuna anayeniuliza kitu. Nilifikiri nikipata spika ya kutosha hawatajua.

Dieudonne


Dar es Salaam, 20 Oktoba 2024

Dieudonne,

Hatujambo. Glory alikuwa na malaria, amepona.

Mara mbili nilianza kukujibu nikachana. Ya kwanza ilikuwa matusi. Ya pili ilikuwa ya kukufariji, nayo nilipoisoma niliona ninasema uongo. Hii naituma vyovyote itakavyokuwa.

Sijakusamehe. Nataka ulisikie kwangu, usilikisie. Uziwi haukuwa kosa lako, na laiti ungesema ningekuja kukuchukua mwenyewe kule machimboni. Kusimama kwenye winchi huku unajua, hilo ni lako. Na lile la utambi ni lako zaidi. Yohani alikuwa mtu wa polepole mpaka tulimcheka. Chai ilimpolea mkononi. Mimi dada yake nilisimama pale kaburini nikaamini kwamba alikufa kwa haraka.

Tarehe kumi na tatu Septemba Mama alinipigia. Alikuwa ametoka kufagia kaburi. Akaniambia, "Nimemgombeza tena leo." Nilikuwa na barua yako mkobani. Nikashindwa kusema, na sitasema mimi. Utamwambia wewe. Usimtumie Aurélie wala mchungaji.

Nenda Mpanda hospitali wakupime masikio. Usiseme mgongo.

Spika ameondoka nayo kondakta leo. Ni ya kwaya, siwezi kuwanyima waimbaji kwa ajili yako. Ilazwe chini upande wenu wa kulia, mbali hatua tatu na mpigaji, volyumu isizidi nusu. Kwenye ampu acheni ule mwigo wa sanduku la spika ukiwa umewashwa. Nayaweka haya kwa maandishi kwa sababu siamini kwamba utaniambia ukweli ukikosea.

Emelyne


Mwese, 17 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Mvua za kwanza zimeanza, tumepanda mahindi. Watoto wazima.

Nilikwenda Mpanda. Walinifungia kwenye chumba kidogo, nikavaa hedfoni, nikaambiwa ninyooshe mkono kila nikisikia mlio. Nilikaa muda mrefu mkono ukiwa juu ya goti. Daktari aliniandikia kwenye karatasi: kushoto hakutarudi. Kulia kunaweza kusaidiwa na kifaa, nikienda hospitali kubwa. Na nisisimame tena mbele ya spika, maana hata hicho kilichobaki kitakwenda.

Spika ilifika salama. Niliifunga mwenyewe kama ulivyoelekeza, nikaweka ampu kwa kutazama kioo, nikampa Polycarpe gitaa. Sasa solo anapiga yeye. Mkutano wa makwaya ulishapita mwezi wa nane, walikwenda na spika zilezile kuukuu, mimi nikasema naumwa. Nimewaambia kwamba sisikii. Mwalimu wa kwaya alinishika bega, akaongea maneno, nikamwacha aongee.

Kwa Mama nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Alikuwa anamenya mihogo. Nilimwambia yote, nikianzia mgongo. Sikuacha kitu. Nilipofika mahali pa kompresa alisimamisha kisu. Nilipomaliza, aliinuka akageukia ukuta, akaweka mikono juu ya kichwa, akaongea. Aliongea muda mrefu, Emelyne. Niliona mabega yakienda. Sikusikia hata neno moja.

Aurélie alikuwa mlangoni, alisikia yote. Alikuwa analia. Nikamwuliza, akatikisa kichwa. Akaniandikia kwa kidole kwenye unga uliobaki juu ya ubao wa jikoni: kamuulize mwenyewe.

Sijathubutu. Mama ananiwekea chakula, ananipita. Tangu siku ile sijui kama ananyamaza au anaongea mahali nisipomwona.

Nakuomba umpigie. Mwulize alisema nini, uniandikie kama alivyosema. Usipunguze.

Dieudonne


Dar es Salaam, 8 Desemba 2024

Kaka, shikamoo.

Nimempigia, tumeongea saa nzima. Nakuandikia alivyosema.

Alisema: "Miaka miwili nimekuwa nikigombana na maiti. Kila nikipita pale namwuliza, mwanangu, haraka ya nini? Na yeye hakuwa na haraka. Aliita. Mtoto wangu aliita mtu wake." Hapo alirudia mara nyingi, sikuhesabu.

Alisema anajua tangu zamani kuwa husikii. Alikuwa anakuita ukiwa umempa mgongo, anasubiri, kisha anazunguka kuja mbele yako kana kwamba hakuwa ameita. Alidhani unaona aibu, akakusitiri.

Alisema usiondoke nyumbani, maana amebaki na mtoto mmoja wa kiume. Nikamwuliza kama amekusamehe. Akasema swali hilo nisimwulize tena. Amesema Jumamosi atakwenda kaburini, nawe uende, ukaseme kwa mdomo wako, kwa sauti, watu wakiwepo, kwamba utambi haukuwa mfupi.

Mimi nitakuja Pasaka. Siku nyingine tutaongea la kifaa cha sikio. Kuna mteja wetu analijua jambo hilo, nimeshamwuliza.

Kuna maneno mengine aliyasema akiwa ameelekea ukutani, hayo hakutaka niyaandike. Amesema atayarudia mwenyewe mbele yako. Ukae sikio la kulia likiwa kwake, umtazame mdomo, na usiitikie kwa kichwa kama umesikia wakati hujasikia.

Mdogo wako,
Emelyne